Chupa za Tata Kabongo Hazipendi Kelele

Mama Jocelyne, weye mwenye kujibu shida za batu mu gazeti, nisaidie, sababu hii yangu siwezi kuiambia hata padri. Jirani yangu, Tata Kabongo, mutu wa Kasai lakini alizaliwa hapa hapa Kolwezi, alikuwa na divai nyekundu ya Bordeaux, chupa makumi tatu na moja, alizikusanya mwaka kwa mwaka kwa bazungu benye kurudi kwabo, mbili huku, tatu kule, zote za namna ya zamani, ile yenye kukaza ulimi ikiwa changa na kutulia ikizeeka, na alinifundisha, Stany, chupa inalala, haisimame, kizibo isikauke, iwe giza, baridi kidogo, hakuna kelele. Kila Noeli alifungua moja, alimimina polepole mbele ya mushumaa, mi napata kidole kimoja mu glasi, nasema aksanti sana tata, kumbe natamani bia.

Sasa mwezi wa tatu, unajua mwenyewe bile ilitokea, batu ba Kasai bakafukuzwa huku Katanga, eti ni bageni, bijana bakapita nyumba kwa nyumba, Tata Kabongo na mama Ntumba na batoto bane bakaenda kulala ku gare kungoja treni, na saa ya kutoka alinipa ufunguo akasema, Stany ndugu yangu, unichungie bitu. Mi sikupiga mutu, Mama, nilisimama tu pa mulango. Na sababu divai haipendi kubaki peke yake, nikahamia kwake. Bibi yangu Rachelle akasema kama tunachunga tuchunge vizuri, basi tunalala ku kitanda yabo, sababu ile chumba iko karibu na chupa, na nyumba yetu tukapangisha.

Mwezi wa nane shemeji alikuja kututembelea, nikaona haya kumupa maji, nikafungua chupa moja, ile Tata Kabongo aliandika juu yake kwa kalamu: Arusi ya Ndaya, ni binti yake. Niliona matope chini, nikafikiri ni kama dawa ya kikohozi, nikaitingisha sana. Ikakuwa chungu, matope mu meno, nikatia sukari bijiko tatu. Jana barua yake imefika kutoka Mbuji-Mayi, haulizi kitu juu ya nyumba, anauliza tu: "Zinalala?" Mama, nijibu nini? Nimwambie juu ya ile moja? Na sukari pia? Usingizi hakuna.

Stany, mwenye kuchunga divai, Kolwezi

Tata Stany,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Una huruma nyingi wewe, ila yote umewapa chupa. Divai haipendi kelele, haipendi jua, haipendi kubaki peke yake! Na mama Ntumba, yeye alipenda? Alilala juu ya mawe ya reli na batoto bane, na wewe ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Ulimpelekea hata maji? Barua ndefu hivi, na hapo haisemi kitu.

Unaniuliza habari ya chupa, mimi nakuuliza habari ya kitanda. Kumchungia mtu nyumba si kulala ndani ya mashuka yake na kupangisha ya kwako. Hiyo ina jina lingine na unalijua, ndiyo maana usingizi hakuna. Eti hukupiga mtu. Aksanti sana! Tata Kabongo anauliza divai kwa sababu anaogopa kuuliza kama bado una undugu naye.

Basi, mpangaji wako atafute pengine, nanyi mrudi kwenu kabla mwezi haujaisha, wewe na Rachelle na sufuria zenu. Mashuka yafuliwe, mlango ufungwe. Chupa zilizobaki ziache hapo zilipo, uende kuzitazama mara moja kwa wiki, dakika tano, halafu utoke. Na barua ya Mbuji-Mayi uiandike leo. Usianze na divai, anza na nyumba: niliingia, nililala, nimetoka. Kisha useme ulifungua chupa ya arusi ya binti yake bila ruhusa, na uombe musamaha. Asipokusamehe, ni haki yake, usimbembeleze.

Ila ile sukari, na ile kutingisha, funga kinywa. Miaka yote mimi nawahimiza watu waseme ukweli, lakini yule baba ameshateswa vya kutosha.