Riba ya Wageni

Litembo,
9 Juni 1968

Kwa Kaka Ildefonsi, Lituhi.

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba ziwa linawapa samaki. Huku baridi imeshika. Mwili wangu ni mzima, lakini moyoni nimekwisha. Najua Bonifasia yuko kwako. Nakuomba usiichane barua hii kabla hujaimaliza.

Sijui dada yako amekueleza nini, kwa hiyo nianze mwanzo. Unajua mimi ni miongoni mwa watu wa kwanza kuweka pesa katika chama cha akiba pale Mbinga, tangu kilipokuwa meza moja na kufuli. Kila msimu wa kahawa nilipeleka, sikutoa hata za kununulia bati. Mwezi wa Machi likabandikwa tangazo: anayejiunga sasa atapata riba ya shilingi sita kwa kila mia, sisi wa zamani tubaki na tatu zetu. Kaka, nilichemka! Jirani yangu Methodi, aliyekuwa akificha pesa mtungini na kunicheka, ndiye apate mara mbili yangu? Nilikwenda kuuliza. Karani, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alinijibu kwa adabu kwamba wanataka kuvuta watu wapya, sisi tumeshaingia. Adabu yake ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Basi nikajiona mjanja. Nikatoa pesa zote, nikaenda na Bonifasia aziweke upya kwa jina lake la ubatizo na la ukoo wenu. Akabonyeza dole gumba, mambo yakaisha. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, na njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu ya bati. Asubuhi hakuwasha moto. Alifunga nguo zake akaondoka.

Watu nimewaambia amekuja kukusalimu. Nani ataamini, na kahawa imeiva hivi? Inadondoka chini, kaka. Tunachuma mimi na binti yetu Flavia, naye ananiwekea ugali mezani bila kunitazama. Juma lililopita nilianza safari ya kuja huko. Nilifika mteremkoni, nikaliona ziwa, miguu ikakataa. Nilirudi kwa aibu.

Sasa nikwambie kilichonirudisha, maana huenda yeye amekuficha kwa kunihurumia. Siku ile tulipokwenda wote, karani alisema mke wa mwanachama wa zamani hahesabiwi mtu mpya. Akauliza kama huyu mama ni mke wangu. Nikasema hapana. Nikasema ni mwanamke anayenichumia kahawa tu. Bonifasia alikuwa palepale kwenye benchi, ameshika kofia yangu. Karani akamuuliza kama ni kweli. Alinitazama sana, kisha akajibu kwamba mwenyewe ameshasema.

Asubuhi ile aliniambia kibarua hawezi kulala kwa tajiri wake. Akasema nimelia miezi mitatu kwa kudharauliwa na chama kwa sababu mimi ni wa zamani, na yeye alikuwa akinisikiliza kila siku, akinipikia.

Jana nilikwenda tena Mbinga. Nilimwambia karani, mbele ya watu waliopanga foleni, Methodi akiwamo, kwamba yule ni mke wangu wa ndoa ya kanisani. Akasema basi riba yote ya mwaka huu imefutwa, ya sita na ya tatu. Nikamwambia afute. Pesa zenyewe zibaki kwa jina la Bonifasia, azitumie apendavyo, hata asiporudi.

Msomee haya, kaka, ukiwa umekaa naye. Akikubali nije, nitakuja na miguu hii hii. Akikataa, usinifiche.

Flavia anakuamkia. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi shemeji yako, kama bado naruhusiwa kujiita hivyo,
Wendelin Kapinga