Nyama ya Kondoo Ambaye Hakuchinjwa

Kwa dada yangu Marigu, Mama Nyaga,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetulea sote chini ya paa moja. Magoti bado yanakusumbua ukiteremka mtoni? Mvua imefika Siakago, ama mbaazi zimenyaukia shambani tena? Mimi ni mzima, ila kifua tu, na baridi hii ya Amerika haina huruma. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu hushiki tena. Karatasi huwezi kuikata katikati ya neno.

Shangazi alinipigia. Hata salamu hakunipa vizuri. "Rwamba, ulichinjiwa kondoo lini na mimi sikuitwa? Fungu langu la nyama lilikwenda wapi?" Nikacheka, nikidhani ni mzaha wake. Akasema, "Usicheke, mwanangu. Marigu amesimama mbele ya chifu akaapa kwamba alikula."

Dada, nilikupigia papo hapo, hukushika.

Wewe wajua vile mambo yalikuwa. Yule mwanamume aliponichukua kwenda Meru alileta asali, akaleta mbuzi, akasema kondoo dume wa kufunga ndoa anafuata. Hakufuata. Niliporudi nyumbani na begi moja, baba alisema mbele yenu nyote, "Kondoo wa kumtoa huyu kwangu hajachinjwa. Bado ni wangu." Akanipeleka pale penye mti wa mukau, akasema hapo nitajenga. Vigingi vya mpaka ni nani alivishindilia na jiwe? Si ni wewe, ukiniimbia nyimbo za kanisa ili niache kulia?

Leo Ireri, ndugu yetu, anataka barua ya chifu iende kortini ikisema marehemu baba yetu, mzee Mugo, aliacha watoto watatu: yeye, Njoka na wewe. Mimi ati niliolewa nikamalizwa, shamba langu liko Meru. Na ushahidi ni tumbo lako, ati lilikula nyama ya kondoo wangu. Shangazi anasema Ireri amekuahidi pale penye mukau pawe pako na Nyaga. Kama si kweli, niambie. Nitafurahi kuaibika.

Ngoja nikwambie habari za mama ninayemtunza huku, maana ndiye aliyenikuta nikilia jikoni. Anaitwa Riva. Ni Myahudi, Marigu, wa watu wale tunaowasoma kanisani. Ijumaa jua likielekea kuzama mimi humshika mkono awashe mishumaa yake, maana anatetemeka. Yeye huomba kwa lugha yake, nami nasema amina yangu moyoni. Ana ulimi mkali huyo! Siku hiyo nilijifanya nakata vitunguu. Akasema, "Binti, nimekamatwa na polisi wa miji mitatu kwa sababu ya kupigania wafanyakazi. Vitunguu navijua. Nani amekuuza?"

Nikamwambia kila kitu, hata mambo ya kondoo. Hakucheka. Akaniambia nikae.

Alizaliwa Polandi, katika kijiji cha matope, baba yake akishona kofia. Watu wa hapo waliwavunjia madirisha mara mbili, na mara ya tatu wakawachomea nyumba. Wakapanda meli, yeye akiwa na miaka kumi na miwili, mto wa manyoya wa nyanya yake mgongoni. Huku walipanga vyumba viwili. Alilala kitanda kimoja na Lena, mtoto wa dada ya mama yake. Lena ndiye aliyemfundisha Kiingereza, na ndiye aliyemwingiza kiwandani kushona kola za mashati.

Huko msimamizi alikuwa na saa moja ukutani. Wasichana wakienda kula, anairudisha mishale nyuma ili washone zaidi bila kulipwa. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Riva akiwa na miaka kumi na sita akasema yeye atasema. Akapita cherehani kwa cherehani, akiandika majina ya waliokubali kuweka sindano chini siku moja. Karatasi akaificha ndani ya ule mto wa nyanya yake. Nani mwingine alijua? Lena peke yake.

Siku ile ikafika, na msimamizi akaingia na ile karatasi mkononi. Akasoma majina moja moja, na kila aliyetajwa akatolewa nje. Jina la Lena lilikuwa la pili kuandikwa, lakini hakulisoma. Kesho yake Lena alipewa kiti karibu na dirisha, penye mwanga.

"Kwa kiti tu?" nikamuuliza.

"Ungekuwa umeshona gizani miaka minne, usingeuliza," akasema. Unaona? Bado anamtetea!

Mama yake Riva alimwambia anyamaze, atafute kibarua kingine. Lakini asubuhi alirudi peke yake, akasimama langoni kwenye baridi, akaanza kuyaita yale majina kwa sauti, kwa kichwa, yote. Msimamizi akamwita mwendawazimu. Akaendelea. Mpaka Ijumaa waliosimama naye walikuwa wengi kuliko waliobaki ndani. Saa ikatolewa ukutani, na wasichana wakarudishwa, ila yeye. Hapo ndipo maisha yake ya mikutano na maandamano yalipoanzia.

Nikamuuliza kama alimsamehe Lena. Nilitaka aseme ndiyo, kwa sababu mimi naomba kila siku na bado msamaha hautoki. Akatazama kiti kitupu mezani. Kisha akasema, "Nilikuwa namngoja aje aniambie kwa kinywa chake. Kila Ijumaa nilimwekea kiti mezani. Amekufa, hakuja."

Marigu, bado kiti kile kipo. Nakifuta vumbi mimi.

Sitaki kukuwekea kiti hivyo mpaka mmoja wetu azikwe. Shangazi anasema chifu atawaita tena kabla ya kutia muhuri. Nenda. Huna haja ya kumtukana Ireri wala kuniombea kitu. Sema neno moja tu: "Nyama hiyo sikula." Ukiogopa, mshike shangazi mkono, yeye haogopi mtu.

Usipokwenda, nitakuja. Binti ya Riva ameshanipa ruhusa, na Riva mwenyewe ameniambia nisimame wapi: langoni kwa chifu, pale ambapo kila anayeingia ananisikia. Nitawaita watoto wa mzee Mugo kwa sauti: Ireri, Njoka, Marigu, Rwamba. Jina lako sitaliruka, dada. Wewe uliliruka langu, lakini mimi siwezi.

Nisalimie shangazi na umwambie fungu lake la nyama bado analidai. Nisalimie Nyaga, hana kosa. Mchungaji aniombee, na mama kiongozi wa kwaya anitunzie nafasi yangu mstari wa nyuma. Njoka mwambie kunyamaza pia ni kusema. Ireri naye msalimie, ni damu yangu.

Neema ya Bwana ikushikilie mpaka ufike kwa chifu.

Ni mimi mdogo wako,
Rwamba binti Mugo, ambaye kondoo wake bado anakula majani.