Leo Mtani Hakwenda Kilioni

Élisabethville, Jumapili, Oktoba 1953

Joto la kutapisha. Mvua inazungukazunguka huko Luano tangu juzi, haina nia ya kuja. Moshi wa mtambo wa shaba umelala juu ya cité, mitaa yetu sisi weusi, na kila kitu kina ladha ya kiberiti, hata bukari, ugali wetu. Nimechukizwa. Sitafuti neno zuri zaidi ya hilo.

Asubuhi alikuja Kapenda. Huyu ni mtu wa njia ya Kasenga, na sisi tuliotoka Mitwaba ni watani wao tangu enzi za mababu. Maana ya utani kila mtu anaijua: wakifiwa wao, sisi hatulii. Tunachimba kaburi, tunambeba maiti, tunawatukana wafiwa mpaka wacheke na kupata pumzi. Tukifiwa sisi, wao wanatufanyia vivyo hivyo. Ni desturi safi, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni wa hesabu.

Wanaume wa Mitwaba katika mitaa hii mitatu tunajaza lori. Lakini mmoja ana zamu mgodini, mwingine anaumwa mgongo, mwingine amekuwa mtu wa shati jeupe lisilotaka udongo. Anayebaki ni mimi, seremala, kwa sababu karakana ni yangu na eti mtu asiye na bwana mkubwa hana kazi. Tangu mvua ziishe nimetengeneza vitanda vitatu na kuchimba makaburi kumi na moja. Randa hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuchungulia dirishani mwa fundi Mzungu mpaka anifukuze. Sikuhangaika hivyo ili niwe jembe la watu.

Majuzi watu wa Kasenga walinipa maiti aliyelazwa siku mbili katika joto hili, wakimsubiri mjomba. Wao wenyewe walikaa upande unakotokea upepo. Nilipomaliza nikanawa kwa majivu, kwa sabuni, kwa ndimu. Wakaniletea sahani ya nyama, kisha wakanikodolea macho waone kama nitakula.

Mama yangu alikufa mwezi uliopita, hapa hapa kwangu. Nikawangoja watani wangu. Walikuja, ndiyo. Walikaa. Walikula. Jeneza nikalipiga misumari mwenyewe, kaburi nikalianza mwenyewe, na wao wakashika makoleo shimo lilipokwisha kunifika kiunoni. Halafu pale ukingoni wakaweka makoleo chini. Wote wananitazama. Kapenda akasema, "Ee mutani, leo unanyamaza? Bantu banangoya."

Walikuwa wanangoja niwachekeshe. Kwa mama yangu.

Na nikafanya. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote. Nikasema, huyu mwanamke alikuwa akinituma tumbaku hata mvua ikinyesha, sasa poleni malaika. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka. Mama akashushwa shimoni huku mwanawe anacheka.

Chozi halijanitoka tangu siku hiyo.

Na kichwa changu si changu tena. Mtu akinisalimu, jicho langu linampima: mabega, urefu, mbao ngapi. Juzi nilimkuta binti yangu Ngoie amelala mkekani, na kabla sijamfunika nilikuwa nimeshapata jibu. Mita moja na sentimita nne. Nikatoka nje nikatapika nyuma ya jiko.

Kwa hiyo leo Kapenda alipoegemeza kinga yake ukutani, ile baiskeli isiyo na kengele, nilikuwa nakula na sikuinuka.

"Weye mula-panya! Amuka! Muzee Chisenga amekufa, tunakungoya na jembe!"

Desturi inataka nimrudishie tusi, kwamba watu wa kwao hunuka samaki hata kanisani. Sikurudisha. Nikatafuna. Akanitukana mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayegonga nyumba tupu. Kisha akainama kunichungulia uso.

"Uko mugonjwa?"

"Niko mugonjwa."

"Bugonjwa ya nini?"

"Ya bantu."

Akacheka sana, akidhani mzaha umeanza. Nikamwambia siendi. Awaite Mwepu na Banza, wote ni wa Mitwaba, wote wana mikono. Kicheko kikamkauka.

"Bale? Bale habayue kusekesha bantu! Weye njo mutani ya kweli!"

"Basi, mulie."

Akaondoka bila kuaga.

Nilishinda ndani. Mchana ulikuwa mrefu, na kila sauti ya kilio iliyovuka ukuta ilinishika kola. Mara mbili nilisimama. Mara mbili mke wangu, Mama Ngoie, alinitazama tu, nikakaa. Acha niandike ukweli: sehemu fulani yangu ilitaka washindwe bila mimi. Hata hiyo inanuka.

Hawakushindwa. Alasiri walipita na jeneza wakiimba, wakamzika. Alichimba Banza, yule yule mwenye mgongo, pamoja na vijana wawili wa reli. Nasikia kaburi limepinda. Mzee Chisenga hajarudi kulalamika.

Jua lilipokuwa linazama Kapenda akaja tena. Nilikuwa chumbani, nimelala chali, nikamsikia mlangoni. Safari hii kwa sauti ya upole.

"Mama Ngoie, kilio iko inazizima kule. Haiko hata muntu moya anaseka. Umulete, hata kidogo tu, akae na siye."

Mama Ngoie hakupandisha sauti.

"Mutani haiko hapa. Hapa kuko muntu mwenye kufiwa mama yake."

Nikangoja Kapenda abishe, maana yule hajawahi kukosa neno. Nikasikia kinga ikisukumwa taratibu kuelekea barabarani.

Hapo ndipo kifua kikapasuka. Sikulia kama mwanaume anavyotakiwa kulia, kwa jicho moja na leso. Nililia kama mtu anayetapika, kwa kelele, kamasi kwenye mto, naita mama, mama. Mke wangu akaja mbio kufunga dirisha, majirani wasisikie. Akashika komeo. Kisha akaliachia, akasukuma dirisha wazi kabisa.

"Basikie," akasema.

Sasa macho yamevimba, mistari ya karatasi naiona miwili miwili. Kesho watasema nina kiburi, kwamba fundi amejenga jina na sasa anajiona Mzungu. Waseme.

Karakana haitafunguliwa kesho. Nina kilio.