Mkato Usio na Duara

Muheza,
14 Juni

Wifi yangu mpendwa Asmahani,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na watoto wazima, isipokuwa mdogo ana mafua ambayo hayamzuii kula. Natumai nawe hujambo huko Wete, na shemeji Haroub mgongo wake umempa nafasi. Miwani yako je, imepata kioo kipya? Kama bado, aliyekuletea barua hii atakusomea, kama ilivyo desturi yako. Mmenyee chungwa kwanza, maana ni ndefu. Kikapu chote ni chenu.

Habari kubwa ya hapa ni trekta. Ni lilelile la marehemu baba yenu, ambalo mimi nimeomba liuzwe tangu siku nilipoolewa. Mwezi wa pili tairi zake za nyuma ziliisha kabisa, na watu walikwisha kupatana na mdogo wako Uweso awalimie kabla ya masika. Bei ya tairi mpya za trekta haitajiki mbele ya watoto. Ndipo akaelekezwa Tanga mjini, Mabawa, kwa mwanamke anayeuza tairi zilizokataliwa kwa sababu ya sura tu: hapa pana doa, pale maandishi yamepinda, lakini ndani nzima. Bei ni nusu.

Mwanamke huyo anaitwa Khadija. Mwaka huu nimelisikia jina hilo kuliko langu.

Siku ya kwanza Uweso alirudi, akala huku akisimulia. Khadija anafumba macho na kupitisha kiganja tairi nzima. Khadija anagonga kwa nyundo na kusikiliza. Khadija hamfichi mteja, kila kasoro anaizungushia duara la rangi nyeupe, kisha anazihesabu mbele yako. Wali aliokuwa anakula niliupika kwa nazi mbili, na huo hakuuzungushia hata neno moja. Nikakumbuka ulivyonionya siku ya harusi yangu, kwamba mdogo wako akikisifia kitu mara tatu, ujue amekitaka. Nikahesabu. Alifika saba kabla hajanawa mikono.

Wivu ulinikaba, wifi, sikufichi. Alikwenda Mabawa safari nne kwa tairi mbili! Nikimuuliza, anasema tairi za kasoro hazinunuliwi kwa pupa. Safari ya tatu alinyoa ndevu. Ya nne alivaa shati la Idi, kwenda kubeba tairi. Zilipofika nikayatazama yale maduara meupe, mengine na vistari pembeni, nikajiambia huyu mwanamke anamwandikia mume wangu mbele ya macho yangu. Usicheke. Na lililoniuma kuliko yote, alirudi na neno kwamba Khadija kasema trekta lisiuzwe, bado lina maisha. Mimi nimesema miaka kumi na moja sikusikilizwa, yeye kasema mara moja.

Basi tairi zikafungwa, Uweso akalima siku tisa mfululizo, pamoja na yale mashamba ya mteremkoni unayoyajua. Siku ya kumi Khadija akaja mwenyewe kuziangalia tairi zake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa uzuri wake. Nikaona mwanamke aliyenizidi umri, dera lina matone ya rangi, viganja vigumu. Alichuchumaa penye tope, akapitisha mkono kwenye ubavu wa tairi ya kushoto, akasimama hapohapo. Palikuwa na mkato, umeingia mpaka kwenye nyuzi, na haukuwa na duara. Akamwambia Uweso kwamba kosa ni lake, uliponyoka machoni pake, amsamehe. Siku ileile akaleta tairi nyingine kwa hasara yake. Uweso akazidi kumsifu.

Kabla hajaondoka aliomba maji, akanifuata jikoni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba maduara yake hayasahau hata moja, na mkato ule ni wa mkono wa mtu. Akasema tairi ile ingepasuka mteremkoni, trekta lingelala ubavu, na wa kulaliwa ni dereva. Kama nina neno naye, basi niende Mabawa nikamkate yeye. Kisha akanywa maji, akashukuru.

Ndiyo, wifi. Ni mimi. Ilikuwa Ijumaa, Uweso yuko msikitini, nikachukua kisu cha samaki. Wallahi nilidhani Uweso atauona mkato, atagombana na Khadija, atamrudishia tairi zake na safari za Mabawa ziishe. Hakuuona, kwa kuwa alishaambiwa tairi zake zina makovu. Siku tisa nilimwona akipanda lile trekta, nikanyamaza, nikiona haya kuliko hofu. Na hata sasa wivu haujaniisha, umegeuka tu. Namwonea wivu Khadija kwa kuwa yeye ndiye aliyemwokoa, na mkewe ni mimi.

Nimejaribu kumwambia Uweso nikashindwa. Kwa hiyo barua hii nimempa yeye mwenyewe akuletee, nikijua utampa akusomee. Uweso mume wangu, najua hapa umenyamaza. Msomee dada yako mpaka mwisho, usiruke mstari. Nisamehe. Ukirudi, nipeleke Mabawa nikamwombe radhi Khadija, ukishuhudia.

Wifi, yule ni mdogo wako, na ukinikasirikia nastahili. Ila nikwambie moja. Asubuhi hii, nikiwa naandika, nimemwona amenyoa ndevu na kuvaa shati la Idi, na anakuja kwako tu, dada yake. Kumbe ndivyo anavyosafiri. Miaka kumi na moja, sijawahi kumtazama akiondoka.

Msalimie shemeji Haroub, na watoto wote kila mtu kwa jina lake. Wa hapa wanakubusu mkono. Jumatano nitakuwa gatini Tanga kabla boti haijatia nanga. Akishuka, ataniona.

Ni mimi wifi yako,
Maryam