Kipimo cha Pili

Jumatatu, 3 Novemba
Nimefagia, nimeanika korosho. Bomba halijatoa maji tangu Alhamisi. Nimepeleka kikopo chenye choo changu kikapimwe hospitali hapa Newala, nimekificha ndani ya kitenge kama mwizi. Dada yangu Agnes alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Alitokwa na damu chooni muda mrefu, akaona aibu kusema. Mimi sitaki kufa kwa aibu.

Alhamisi, 6 Novemba
Kuna damu. Kwa macho sikuiona, kipimo kimeiona. Daktari anataka nipitishwe kamera kwa nyuma mpaka utumboni. Madaktari bingwa watakuja Masasi tarehe 18. Nimejiandikisha. Naogopa.

Jumamosi, 8 Novemba
Mume wangu, Baba Neema, hataki kusikia habari ya kamera. Anasema hospitali wamekosea, nikapime choo tena kwingine. Nimekubali upesi mno. Nilitaka mtu aniambie hivyo.

Jumatano, 12 Novemba
Maabara ya mtu binafsi, Masasi. Hakuna damu. Baba Neema kanunua nyama. Nimekula bila kusikia ladha. Kipimo kimoja kinasema ipo, kingine haipo. Nimwamini nani?

Ijumaa, 14 Novemba
Nimerudi kwa daktari. Nilidhani atafurahi.
"Mama, uvimbe ukiwepo, hautoi damu kila siku. Kipimo cha pili hakifuti cha kwanza. Kamera ndiyo itaangalia penyewe."
Nina hasira naye. Na Baba Neema. Na tumbo langu.

Jumatatu, 17 Novemba
Masasi, kwa wifi yangu Mama Stella. Dawa ya kusafisha tumbo inataka maji mengi. Kila kikombe nawaza ndoo zetu za Newala. Chooni, kitini, chooni tena. Aibu tupu. Wifi kasimama nje ya mlango: "Newala wanalilia maji, kumbe bomba lao liko kwangu." Nimecheka mpaka machozi.

Jumanne, 18 Novemba
Wamekuta kinyama kimeota, kama punje ya mbaazi. Wamekikata papo hapo. Kinapelekwa kuchunguzwa. Daktari anadhani hakijageuka saratani. Anadhani.

Jumanne, 25 Novemba
Majibu bado. Nimeunguza ugali. Nimemfokea Neema bure.

Jumapili, 30 Novemba
Majibu yalitoka juzi. Si saratani. Kingeachwa, kingeweza kugeuka.
Leo baada ya ibada Baba Neema kaniuliza vile vikopo vya kupimia choo vinatolewa dirisha gani. Hakunitazama. Nikamwelekeza. Akabeba madumu, akaenda kuchota maji.