Papa Ramazani na kiti kitupu

Kisangani, Jumapili

Tonton Amisi,

Jambo, natumaini Kindu munaamka vizuri. Leo nilienda kuangalia maonyesho ya pikipiki za zamani, pamoja na zile ambazo mafundi wamezigeuza sura kabisa. Nilikukumbuka, maana hata ile yako, ambayo kuku wanataga juu ya kiti chake, ingepata nafasi hapa.

Mzee mmoja, Papa Ramazani, alileta pikipiki aliyompakia mke wake siku ya arusi. Alitaka wazunguke uwanja wawili, kama siku ile. Bon, akaiwasha, akaondoka. Mke wake, Mama Zaina, alikuwa bado amesimama karibu nami. Alikuwa amenishikisha liboke yake, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, ili akaze kitenge.

Mzee alizunguka uwanja mzima akigeuza kichwa kidogo tu pembeni, anaongea na kiti kitupu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliporudi, akauliza kwa sauti ya chini, bila kuangalia nyuma, "Alors, Mama, unanijibu nini?"

"Niko huku," Mama Zaina akasema pembeni yake. "Maneno yangu umeuambia upepo. Ngoja nipande, useme tena."

Wakazunguka mara ya pili, polepole. Sikusikia kitu, lakini nilimwona Mama ameegemeza shavu mgongoni mwa mzee, anapangusa macho.

Mungu awachunge wewe na Tantine, mke wako. Na wewe, Tonton, mwambie maneno yako ya upendo leo, ukiwa umekaa mbele yake.

Mtoto wenu,
Mwajuma