Mrudisheni Mkwe Wangu

Makandana, Tukuyu
Juni 1996

Kaka Andrea,

"Mwenyewe alikuwepo pale kikaoni, akanyamaza." Nasikia hilo ndilo jibu unalowapa watu wa Isongole juu yangu wanapokuuliza kwa nini mkwe wangu Vaileth alirudishwa kwao. Jibu hilo ni uongo, nami nitakuonyesha ulipo uongo wake. Ila mama yetu hakutulea tugombane kabla ya kusalimiana. Mugonile, kaka. Shemeji hajambo? Goti lake limepata nafuu kwa baridi hii? Viazi mmevuna, au mvua imeviozesha shambani? Sisi huku tupo. Mama Ackson anakwenda sokoni na ndizi zake kila siku isipokuwa Jumapili, na mimi napumua.

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado ni mgeni mwilini mwangu. Usiuonee huruma. Usome.

Kiharusi kilinikuta Februari, nikifunga kamba za viatu niende kuonana na wenzangu tuliopunguzwa kazi kiwandani. Unakumbuka hospitali waliponiruhusu walitueleza jambo moja, na wewe ulikuwa umesimama miguuni pa kitanda. Walisema mwili huu utajifunza upya kwa kutenda, basi msimfanyie lolote analoweza kujifanyia, hata akichelewa, hata akimwaga. Ukaitikia kwa kichwa kama unavyoitikia mahubiri. Nadhani ulisahau kabla hatujafika getini.

Nyumbani nilibaki na nani? Mshahara wangu ulikwisha kiwanda kilipopata wenyewe wapya, ndiyo maana Mama Ackson yuko sokoni tangu alfajiri. Ackson yuko mpakani Kasumulu anahangaika na vitenge, kwa kuwa tumeambiwa biashara sasa ni huria na kila mtu ajitafutie. Mchana kutwa tulibaki wawili katika boma hili, mimi na mke wake. Na ukutila unaufahamu kunizidi: mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, haketi naye chumba kimoja, hamgusi, na wakikutana njiani hujifunika kanga akapisha. Tangu aolewe nilikuwa nikiijua sauti yake na visigino vyake tu.

Vaileth hakuuvunja mwiko huo, kaka. Aliuzunguka. Asubuhi moja nilipochungulia nje nilikuta mianzi imechimbiwa kutoka mlango wangu wa nyuma mpaka chooni, na mwingine umelazwa juu yake na kufungwa kwa kamba ya mgomba, usawa wa mkono wangu wa kushoto. Kikombe changu kikabadilishwa, kikaja chenye mkono mpana. Kisha akaanza kuongea na ng'ombe. Ng'ombe wetu amefungwa nyuma ya ukuta wa chumba changu, nami nikilala nasikia kila neno. Akawa anamwambia, "Wewe ng'ombe, ukivaa shati anza na mkono mgonjwa, huo mzima utafuata wenyewe." Au, "Usiinuke kama gunia. Vuta nyayo nyuma, inama mpaka pua ipite magoti, ndipo usimame." Siku nilipokataa kujaribu, alimwambia kwamba alisikia kuna ng'ombe mmoja alikuwa akimfokea meneja mbele ya kiwanda kizima, na sasa anaogopa kifungo cha shati. Nilicheka peke yangu mate yakanitoka upande mmoja wa mdomo. Kisha nikakifunga kile kifungo.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kula kwa kijiko mwenyewe, kunawa, kukaa kitandani bila kuegemea. Nilijifunza pia kubana mkojo mpaka nifike. Wewe unaingia chooni na kutoka bila kufikiri, kwa hiyo huwezi kujua mtu mzima anajisikiaje anaporudi kutoka huko na suruali kavu. Nimewahi kushinda mabishano mengi na kupigiwa makofi. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko yote, na hakuna aliyeuona.

Aprili mvua ilinyesha siku nzima, mianzi ikateleza, nikaanguka katikati ya njia. Jirani yetu Veronika alipopita uchochoroni alimkuta Vaileth amenikumbatia kwa nyuma akiniinua kwenye tope, kanga yake ikiwa begani na uso wazi. Habari zikakufika, na yaliyofuata uliyaongoza mwenyewe. Wazee wakaja kukaa kikao, nikawekwa kwenye kiti kama mzigo, ukauliza kama mimi, mwenye boma, nina la kusema.

Nilikuwa nalo, kaka. Nilikuwa na hotuba nzima. Maneno yalikuwa yamejipanga kichwani kama zamani, lakini ulimi ulikuwa kama umefungwa kitambaa, na kila nilipofungua mdomo ilitoka sauti ya ndama. Machozi yakanitoka kwa hasira. Ukawageukia wazee ukawaambia, "Mnaona aibu aliyotiwa ndugu yetu." Kisha ukasimama kuomba. Hukusubiri. Mgonjwa wa kiharusi hutamka neno moja wakati mzima anatamka kumi, na wewe ulikuwa unawahi usafiri wa kurudi Isongole. Huko ndiko mnakoita kunyamaza.

Unasema mnalinda heshima ya wazee wetu. Basi nieleze hili: mke wa mwanao Edward, yule wa Mbeya, anapokuendesha kwenye pikapu mpaka kanisani, unakaa wapi? Unakaa mbele, bega kwa bega naye, naye amevaa suruali, na wote tunakupungia mikono. Pikapu imekuondolea mwiko, nami niliyelala topeni mwiko unanikaba. Ninyi mnaoosha vikombe vya Meza ya Bwana mngenisaidia kulielewa jambo hili.

Sasa sikia mlichokipata. Mmemleta dada yetu Atuganile anitunze, naye ananipenda kupita kiasi. Ananilisha. Nikishika kijiko ananinyang'anya na kusema, "Tulia wewe, kazi yako ni kuugua." Ananivalisha kama marehemu. Kwa kuwa mvua ilimtisha, mianzi ameing'oa akapikia, na mimi amenifunga vitambaa kama mtoto mchanga, ili nisiende nje kuanguka tena. Mwezi mzima nimekojoa vitambaani nikiwa najua kabisa kwamba mkojo unakuja. Juzi nilijaribu kusimama peke yangu, miguu ikakataa. Mwili husahau haraka, kaka, kuliko unavyojifunza. Nikikaa hivi mpaka mavuno ya mahindi, mtakuwa mmemaliza kile ambacho kiharusi kilishindwa kumaliza.

Dada hana kosa, anatii alivyoambiwa. Na Mama Ackson analia usiku, lakini anawaogopa ninyi.

Sasa nikwambie ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyelisikia. Siku ile Vaileth hakunijia. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, mimi baba mkwe wake, mara mbili, na lilikuwa neno la kwanza lililotoka mdomoni mwangu safi tangu niugue. Alikuja mpaka kona ya banda, akajifunika uso, akasema, "Baba, nivumilie, nakimbia kuwaita wanaume." Akageuka aende. Nami nikamkataza. Nilikuwa nimejichafua, kaka, mbele na nyuma, na sikutaka mwanaume yeyote niliyekua naye anione vile. Nilimwamuru anishike. Alisimama kwenye mvua analia, akaniambia kwamba mimi nitasamehewa kwa kuwa ni mgonjwa, lakini yeye hatasamehewa. Nikamwambia, neno moja moja, kwamba nitamtetea. Ndipo akaishusha kanga yake begani, akaingia topeni.

Aliyajua mapema yatakayompata, na aliniinua. Mlipomhukumu hakusema kwamba niliamuru. Angelisema, mngelazimika kuniuliza mimi kwa nini, na ningelazimika kueleza nilikuwa katika hali gani. Alinifunikia aibu yangu kwa jina lake, na mimi, msemaji wa wafanyakazi, nikakaa pale natokwa mate.

Msalimie shemeji, mwambie ile dawa ya kuchua aliyonipa ilinisaidia bega. Wasalimie watoto na wajukuu. Yohane wenu akipita huku aniletee magazeti, hata ya zamani.

Na sasa nasema na wewe, Andrea, pamoja na wazee wote mliokaa uani kwangu siku ile, kila mmoja anajijua. Mlikwenda Kawetele kwa miguu yenu mizima mkamkabidhi binti wa watu kwa wazazi wake kama kitu kibovu. Mwendeeni tena, ninyi wale wale, mchana watu wakiwa nje. Wasomeeni wazazi wake barua hii yote, pamoja na pale nilipojichafua, msiruke. Semeni kwamba alitumwa na akatii, na kwamba mliokosea ni ninyi. Kisha mumwombe arudi, na akikataa mkae hapo mlangoni mpaka akubali, au mpaka awafukuze. Nawapa Jumapili hii. Isipofanyika, Jumatatu nitaanza safari ya Kawetele kwa kutambaa, na mtanipita njiani mkiwa kwenye pikapu.

Ndugu yako,
Ambindwile